Kusoma Pamoja na Mtoto Mdogo: Mwongozo Kamili, Kuanzia Mapajani Hadi Asome Mwenyewe

Mtoto amekuletea kitabu kilekile kwa mara ya tatu jioni hii. Jalada limekunjika pembe, ukurasa wa nne una alama za meno yake, na hadithi yenyewe umeshaikariri neno kwa neno. Anakupandia mapajani, anakifungua kichwa chini miguu juu, kisha anaanza kuonyesha picha kwa kidole. Mwongozo huu unaanzia hapo, kwa kuwa kusoma nako huanzia hapo, miaka kadhaa kabla mtoto hajaitambua hata herufi moja.

Kuna jambo moja nalishikilia baada ya miaka mingi ya kukaa na watoto wa chekechea, na ndilo linalobeba hatua zote zitakazofuata. Mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer walieleza kusoma kwa hesabu fupi: uwezo wa kuyatambua maneno yaliyoandikwa, mara uwezo wa kuielewa lugha. Ni kuzidisha, si kujumlisha. Upande mmoja ukiwa sifuri, jibu ni sifuri.

Sisi wa Kiswahili tumerahisishiwa upande wa kwanza. Irabu zetu ni tano tu, kila moja ina sauti ileile popote inapokaa, na neno huandikwa karibu sawasawa na linavyotamkwa. Mtoto akishazishika silabi, anaweza kulitamka hata neno ambalo hajawahi kulisikia. Lakini urahisi huo una hatari yake. Tunamsikia akitiririka kutoka juu ya ukurasa hadi chini, tunampigia makofi, kisha tukimwuliza nani alifanya nini, anatutazama tu. Ametamka, hakusoma. Upande wa pili wa ile hesabu, yaani lugha na maana, haujengwi na chati ya silabi. Unajengwa na mazungumzo mengi ya kila siku, na sijaona kinachoyachochea mazungumzo hayo vizuri kuliko kitabu cha picha kilicho katikati ya watu wawili.

Hatua ya 1: Anza na umri alionao leo

"Nimsubiri afikishe miaka mingapi?" Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi, na jibu langu ni kwamba usisubiri. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa msimamo mwaka 2014 kwamba wazazi washauriwe kuwasomea watoto kwa sauti tangu wanapozaliwa. Hata kabla ya hapo masikio yako kazini. Mwaka 1986 Anthony DeCasper na Melanie Spence waliwaomba akina mama wajawazito wasome kisa kimoja kwa sauti kila siku katika wiki za mwisho za ujauzito. Watoto walipozaliwa, walibadilisha namna ya kunyonya chuchu ya majaribio ili wasikie kisa kile badala ya kingine kigeni. Hawakujua maana ya neno hata moja, ila mdundo wa maneno walikwisha kuuzoea.

Kichanga haelewi hadithi na hapaswi kuielewa. Anachopata ni sauti yako, uso wako, na lugha inayotiririka kwa namna tofauti kidogo na ile ya "njoo", "kaa", "acha". Kama mtoto wako ana miaka minne na hujawahi kumsomea, usipoteze muda kujilaumu. Anza leo na kitabu chepesi kuliko umri wake. Ataruka haraka.

Hatua ya 2: Tengeneza wakati na mkao

Dakika tano hadi kumi kila siku zinashinda saa nzima ya siku moja kwa wiki. Zifunge kwenye jambo ambalo tayari hufanyika kila siku: baada ya kuoga, kabla ya kulala, au asubuhi nyumba ikiwa imetulia. Mtoto akijua kwamba baada ya kuoga ni kitabu, hutabembeleza tena. Atakukumbusha yeye.

Mkao unategemea umri. Kichanga huona vizuri kwa umbali wa sentimita 20 hadi 30 hivi, basi weka kitabu na uso wako ndani ya umbali huo. Wa mwaka mmoja hadi mitatu, mpakate, mgongo wake kifuani mwako, kitabu mbele yenu wote wawili, naye ndiye afunue kurasa. Mkubwa kidogo unaweza kumkalisha ubavuni, au mara mojamoja mkatazamana ili auone mdomo wako ukitamka. Zima redio na televisheni. Simu iweke mbali na macho yako pia, kwa sababu mtoto hufuata pale unapotazama wewe.

Hatua ya 3: Chagua kitabu kinachomfaa

Mpaka anapofikisha mwaka mmoja, mpe vya kitambaa au vya kadi ngumu, vyenye picha kubwa zinazoachana wazi na mandhari yake. Atakitia mdomoni. Mwache, ndivyo anavyokifahamu kitu kwa umri huo. Kati ya mwaka mmoja na miwili, tafuta picha za vitu anavyoviona kila siku, kitu kimoja au viwili kwa ukurasa, pamoja na maneno yanayorudiwarudiwa. Akifika miaka mitatu, anahitaji hadithi yenye tatizo na namna lilivyotatuliwa: mtu amepoteza kitu, mnyama anaogopa giza, marafiki wamegombana.

Hapa wazazi wengi husahau vitabu vya maarifa. Kuna watoto, na si wachache, wasiovutiwa sana na hadithi za kubuni lakini ukiwaonyesha jinsi mchwa anavyojenga kichuguu au mvua inavyotengenezeka, hawaondoki. Hao wape mchwa na mvua. Msamiati wa vitabu hivyo ni mzito na wa thamani: kuyeyuka, mzizi, mawimbi, kuangua.

Kama vitabu vya Kiswahili ni shida kupatikana ulipo, kuna hazina za bure mtandaoni kama African Storybook na StoryWeaver, ambazo huruhusu kusoma, kupakua na kuchapa vitabu vya picha katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo. Na kuna kitabu cha kutengeneza mwenyewe, nitakachokieleza mbele.

Hatua ya 4: Kabla ya kufunua ukurasa wa kwanza

Kaa kwenye jalada nusu dakika. Soma jina la kitabu ukipitisha kidole chini yake. Mtaje aliyeandika na aliyechora, ili mtoto ajue kwamba vitabu hutungwa na watu, na kwamba naye ni mtu. Kisha mwulize anadhani ndani kuna nini. Usisahihishe anachokisia. Sema tu, "Haya, tutaona."

Hatua ya 5: Soma polepole, kwa sauti iliyo hai

Punguza kasi kuliko unavyozungumza kawaida. Panda na ushuke na hadithi: nong'ona mahali pa siri, nyamaza kidogo kabla ya tukio, mpe kila mhusika sauti yake. Huhitaji kuwa mwigizaji. Hata mabadiliko madogo ya sauti humwonyesha mtoto kwamba maneno haya yana mtu ndani yake.

Huna deni la kusoma kila neno. Kwa mtoto wa mwaka mmoja, ruka maandishi kabisa ukitaka, mzungumzie picha. Kama hakutaka kuuacha ukurasa wenye mbwa, bakini na mbwa. Kumaliza kitabu si lengo.

Hatua ya 6: Mfanye mtoto awe msimuliaji

Hii ndiyo hatua ninayotaka ukae nayo muda mrefu kuliko nyingine zote.

Mwaka 1988 Grover Whitehurst na wenzake walichapisha jaribio walilolifanya kwa wazazi wa watoto wa umri wa miaka miwili hadi mitatu hivi. Makundi yote mawili ya wazazi yalikuwa yakisoma na watoto. Kundi moja lilifundishwa kubadili namna ya kusoma tu: kuuliza zaidi, kulipanua jibu la mtoto, kumwachia yeye aeleze. Baada ya mwezi mmoja, watoto wa kundi hilo walikuwa wamewatangulia wenzao kwa miezi kadhaa katika vipimo vya kujieleza. Muda wa kukaa na kitabu haukuwa ndio tofauti. Kilichobadilika ni nani anazungumza.

Mwendo wenyewe una vituo vinne: uliza, pokea, ongeza, rudia. Tuseme picha ni ya mvulana amesimama kando ya dimbwi, mguu mmoja una kiatu, mwingine mtupu.

"Huyu kaka amevaa nini?"

"Kiatu."

"Ndiyo, kiatu kimoja. Cha pili kiko wapi?"

"Maji."

"Eeh, kimetumbukia majini. Hebu sema nawe: kimetumbukia majini."

"Kimetumbukia majini."

Ni sekunde ishirini hivi. Lakini tazama kilichopita ndani yake: mtoto alikuja na neno moja, ameondoka na sentensi yenye kitenzi ambacho pengine hakuwa nacho. Jibu lake halikukataliwa, limepokelewa na kuongezwa kidogo, hatua moja tu mbele ya pale alipo. Ukimwongezea mno ("kiatu chake cha kushoto kimetumbukia kwenye dimbwi la maji machafu kwa sababu hakufunga kamba vizuri"), hatakifuata chochote.

Angalia pia jinsi ngeli zinavyoingia zenyewe. Mtoto mdogo akisema "kiatu imeanguka", usimwambie amekosea. Jibu kwa mshangao wa kweli, "Ndiyo, kiatu kimeanguka!" na kama kuna vingi, "viatu vimeanguka". Upatanisho wa kisarufi ambao mwanafunzi mkubwa hufundishwa kwa jedwali, mtoto huyu anaunywa kutoka kwenye maneno yako, mradi uyatamke sahihi na mara nyingi.

Maswali yasiwe ya aina moja. Kuna la kukamilisha, hasa penye maneno yanayojirudia: unasoma na kuliacha neno la mwisho likining'inia, naye alijaze. Kuna la kukumbuka: "Jana tuliona alikwenda wapi kwanza?" Kuna la wazi: "Nieleze kinachoendelea hapa." Kuna la nani, nini, wapi, na kwa watoto wa miaka minne kwenda juu, kwa nini na vipi. Na kuna lile ninalolipenda kuliko yote, linalomrudisha mtoto kwenye maisha yake: "Wewe uliwahi kupoteza kitu? Ulifanyaje?" Hapo mtoto ambaye hukaa kimya siku nzima huanza kuzungumza, nawe hutathubutu kumkatiza.

Jiepushe na swali ambalo jibu lake ni ndiyo au hapana. Haliendi kokote.

Ukishauliza, subiri. Watu wazima hatuna subira na ukimya wa mtoto. Tunauliza na kujibu wenyewe. Hesabu kimoyomoyo hadi tano. Mara nyingi jibu huja kwenye nne.

Pia usiigeuze hadithi kuwa mtihani. Maswali kumi katika ukurasa mmoja huua utamu, na mtoto akishaona kitabu ni kikao cha kuhojiwa, atakikimbia. Kanuni yangu ni hii: siku ya kwanza ya kitabu kipya, soma moja kwa moja, acha hadithi ifanye kazi yake, uliza moja au mawili tu. Kuanzia siku ya pili ongeza maswali. Kufikia siku ya nne, mpe kitabu akusimulie yeye.

Hatua ya 7: Kubali kurudia kitabu kilekile

Najua kunachosha. Lakini mtoto hakuletei kitabu kilekile kwa ukaidi. Mwaka 2011 Jessica Horst na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, waliwasomea watoto wa miaka mitatu hadithi zenye maneno mapya. Wengine walisomewa hadithi zilezile tena na tena, wengine hadithi tofauti ambazo maneno hayohayo yamo kwa idadi sawa. Waliorudiwa hadithi moja ndio walioyashika maneno vizuri zaidi. Ukiwaza, inaeleweka: mara ya kwanza akili yote inahangaika kujua nini kitatokea. Tatizo hilo likishaondoka, mtoto anapata nafasi ya kuyasikia maneno yenyewe.

Kwa hiyo badala ya kukificha kitabu, badilisha unachokifanya nacho. Leo zungumzieni hisia za wahusika. Kesho tafuteni neno moja gumu na mlitumie mchana kutwa. Keshokutwa soma vibaya makusudi, umwite mbwa paka, uone atakavyokusahihisha.

Hatua ya 8: Mwonyeshe maandishi

Hapa kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Unaposoma, unadhani mtoto anatazama maneno. Hatazami. Mwaka 2005 Mary Ann Evans na Jean Saint-Aubin walifuatilia mwendo wa macho ya watoto wadogo wakati wa kusomewa, wakakuta karibu muda wote macho yako kwenye picha. Kumsomea tu hakutamfundisha kwamba zile alama nyeusi ndizo zinazosema. Inabidi umwonyeshe.

Huhitaji somo. Pitisha kidole chini ya mstari mara mojamoja, kutoka kushoto kwenda kulia, urudi mwanzo wa mstari unaofuata. Uliza, "Nianze kusoma wapi?" Mwonyeshe kwamba nafasi tupu hutenganisha maneno. Onyesha neno refu na neno fupi kwenye ukurasa. Tafuteni herufi ya kwanza ya jina lake. Marie Clay, mtafiti wa New Zealand, alitumia miaka mingi kuonyesha kwamba mambo haya, ambayo mtu mzima huyaona ni ya wazi mno kutajwa, mtoto hazaliwi akiyajua, na asiyeyajua hupotea mapema darasani. Mawili au matatu kwa kitabu yanatosha. Yakizidi, hadithi inakatikakatika.

Hatua ya 9: Cheza na silabi

Huu ni mchezo wa masikio, hauhitaji kitabu wala kalamu. Unafaa kuanzia miaka mitatu na nusu au minne, mkiwa njiani au mnafua nguo.

Anza kwa kupiga makofi: ki-ta-bu, makofi matatu. M-to-to, nayo ni matatu, na watoto hufurahi wakigundua kwamba ile "m" peke yake ina kofi lake. Kisha ondoeni silabi: kitabu, toa "ki", kimebaki nini? Tabu. Kisha badilisheni ya mwanzo: pika, fika, shika, zika, nika... "Nika lipo?" Mtoto anayeweza kusema "hilo si neno" ameshajua kitu kikubwa, kwamba sauti ni jambo moja na maana ni jingine.

Baada ya hapo ndipo herufi. Anza na irabu, kisha konsonanti zinazosikika waziwazi kama m, b, t, k, uziunganishe mapema na irabu ili apate maneno halisi siku hiyohiyo: mama, baba, bata, taa, kaka. Usimpe mistari mirefu ya ba be bi bo bu isiyoishia kwenye neno lenye maana. Ataimba bila kusoma. Herufi mbili zinazotoa sauti moja, kama ch, sh, ny, dh, th na gh, ziache baadaye, na ng' ya "ng'ombe" iweke mbali na ng ya "ngoma" hadi moja iwe imeshatulia.

Hatua ya 10: Mwandikie maneno yake

Chukua karatasi mbili, zikunje katikati, shona au bana mgongoni. Mwache achore chochote. Mwulize, "Hapa panatokea nini?" na andika chini ya picha maneno yake kama alivyoyasema, hata yakiwa mafupi. Msomee ukifuata kwa kidole. Mtoto anaposikia sentensi iliyotoka mdomoni mwake ikirudi kutoka kwenye karatasi, anakamata siri nzima ya maandishi kwa mara moja. Nimewaona watoto waliokuwa hawataki kushika kitabu chochote wakitembea na kijikaratasi hicho siku nzima, wakimsomea kila mtu anayekubali kusikiliza.

Katika vitabu vyake hivi, sarufi isahihishe kidogo sana. Ni maneno yake.

Hatua ya 11: Anapoanza kusoma mwenyewe

Kwa wengi ni kati ya miaka mitano na saba, wengine mapema, wengine baadaye kidogo. Mwanzoni soma mstari, naye aurudie akifuata kwa kidole. Kisha someni pamoja kwa sauti moja. Kisha pokezaneni, wewe ukurasa, yeye ukurasa.

Akikwama, nyamaza sekunde chache. Bado amekwama, mwambie atazame silabi ya kwanza na aendelee. Usimfundishe kukisia neno kwa kutazama picha. Picha ni ya kuhakikisha maana, neno lisomwe kutokana na herufi zake. Akishindwa kabisa, mpe neno hilo na songeni mbele. Kama anakwama kwenye karibu kila mstari, kitabu ni kigumu, badilisheni.

Kikwazo chetu hasa ni urefu wa maneno. Neno kama "walipomkimbiza" ni sentensi nzima ndani ya neno moja, na mtoto anayeunga silabi saba akifika mwisho ameshasahau mwanzo. Mfundishe mambo mawili. Kwanza, akimaliza kuunga, alirudie neno zima kwa pumzi moja. Pili, chezeni kutafuta kiini: anakimbia, tulikimbia, watakimbia, mkimbize. "Kuna kitu gani kinachojirudia humu?" Akishaiona "kimbi", maneno marefu hayamtishi tena, na anaanza kuona kwamba vile vipande vya mbele vinamwambia nani na lini.

Kisha kila baada ya ukurasa mmoja au miwili, msimame: "Nini kimetokea?" Mtoto aliyesoma vizuri atakueleza kwa maneno yake. Akikariri mstari wa mwisho tu, rudini nyuma.

Mambo yanayokwamisha

Mtoto hatulii. Wa miaka miwili hatulii, na si kosa. Anaweza kuwa anazunguka na kigari chake na bado anasikiliza. Soma. Chagua vitabu vyenye vitendo, aruke pale mhusika anaporuka. Na funga kitabu wakati bado anakitaka, usingoje akichoke.

Wewe mwenyewe husomi vizuri. Picha hazihitaji cheti. Simulia kutokana na picha, uliza yale maswali ya hatua ya sita, mwombe mtoto mkubwa wa nyumbani asome nanyi msikilize. Mazungumzo ndiyo kazi, na mazungumzo unayaweza.

Nyumba ina lugha mbili au tatu. Soma katika lugha unayoimudu zaidi, ile unayoweza kutania na kubembelezea. Mtoto hachanganyikiwi kwa kusikia lugha mbili, na anachokielewa katika lugha moja hakianzi upya katika nyingine: akishajua hadithi ina mwanzo na mwisho, anajua.

Skrini. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 haupendekezi skrini kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, na kwa wa miaka miwili hadi minne usizidi saa moja kwa siku, pungufu ikiwa bora. Kwa muda wa kukaa chini, mwongozo huohuo unahimiza kusoma na kusimuliana na mlezi. Kitabu cha kwenye simu si kibaya mradi unakisoma wewe, pamoja naye, na arifa zimezimwa. Vile vyenye muziki na vitu vya kubofya kila kona humvuta mtoto nje ya hadithi.

Wakati wa kutafuta ushauri

Watoto hutofautiana sana, lakini kuna dalili za kutopuuzwa. Asipogeuka kwa sauti au kwa jina lake anapokaribia mwaka mmoja, asipokuwa na neno lolote anapofikisha miezi 16 hivi, asipounganisha maneno mawili kama "mama njoo" akiwa na miaka miwili, au akipoteza maneno aliyokuwa nayo kwa umri wowote, mpeleke kwa mhudumu wa afya, na omba masikio yake yapimwe kwanza. Kwa mtoto wa miaka sita au saba ambaye amefundishwa kwa muda wa kutosha na bado silabi hazimkai, chunguza macho na masikio na zungumza na mwalimu wake mapema. Kumwita mvivu hakujawahi kumsaidia mtoto yeyote kusoma.

Akishajua kusoma, usiache

Wengi huacha kuwasomea watoto wiki ileile wanapoweza kusoma wenyewe. Ni mapema mno. Kwa miaka kadhaa uwezo wake wa kuelewa anachosikia utabaki mbele ya uwezo wa kuelewa anachokisoma mwenyewe, na vitabu anavyovimudu peke yake ni vyepesi kuliko akili yake. Msomee vile vizito: hadithi ndefu ya sura nyingi, sura moja kila usiku, ikatike pale panaponoga. Yeye naye akusomee kurasa mbili za kitabu chake chepesi kabla hujaanza. Na kile cha zamani chenye alama za meno kiweke mahali anapokifikia, maana kuna siku atakitoa mwenyewe kumsomea mdogo wake.